Johann Ludwig Krapf na Maneno ya Ng'ambo ya Mombasa

Utangulizi

Mwanafunzi aliyelelewa Kisauni, Likoni au Changamwe aghalabu huingia chuo kikuu akiwa na Viswahili viwili. Cha kwanza ni kile alichofunzwa darasani na kutahiniwa kwacho. Cha pili ni kile alichokisikia kwa bibi yake jikoni na kwa babu yake barazani kabla hajashika kalamu. Katika hicho cha pili, njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga na kichwa ni kitwa. Mtu havunji kitu bali hukivunda. Hachukui mzigo bali huutukua. Hapeleki salamu bali huzipeka. Mtoto akiumwa husema kitwa chaniuma, na mgeni akionekana mlangoni huambiwa yuwaja.

Mtoto huyo anapofika shuleni hufahamishwa kwamba maneno hayo ni makosa. Akimwita mwenziwe kwa kusema ndoo, wenzake waliotoka pande nyingine za nchi humcheka, kwa kuwa wao ndoo waijuayo ni ile ya kutekea maji. Akiandika mato katika insha, kalamu nyekundu hupita juu yake. Baada ya miaka michache hujifunza kuyaficha maneno ya nyumbani kama afichavyo nguo yenye kiraka, na hatimaye huyasahau.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Mombasa na Rabai katikati ya karne ya 19. Wengi wetu tulimjua kwa mara ya kwanza katika somo la historia, akitajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuripoti kuuona Mlima Kenya. Hapa tutamtazama kwa upande mwingine. Maneno ambayo leo mwanafunzi wa Kisauni huyaonea haya ndiyo hasa aliyoyasikia Krapf, akayaandika, na kuyafanya msingi wa kamusi kubwa ya kwanza ya Kiswahili. Kwa mintarafu hiyo, maisha yake yanahusiana moja kwa moja na suala linalotukabili sisi wapenzi wa lugha: ni nani atakayeyahifadhi maneno ya wazee wetu, na kwa faida ya nani?

Kuzaliwa na elimu

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa nchi ambayo baadaye ilikuja kuwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Huko Württemberg watu wa kawaida walisema, na hata sasa wengi husema, lahaja ya Kijerumani inayotofautiana sana na Kijerumani cha vitabuni. Yamkini basi mtoto huyo naye alipitia yale yampatayo mtoto wa pwani yetu: kuwa na lugha moja ya nyumbani na nyingine ya shuleni.

Angali kijana alivutiwa na ramani na habari za safari za mbali, hususan za Uhabeshi. Alijiunga na chuo cha wamisionari huko Basel, Uswisi, kisha akasomea theolojia Tübingen. Hatimaye aliajiriwa na Chama cha Wamisionari cha Kanisa la Uingereza, kwa ufupi CMS, na mnamo 1837 akaelekea Uhabeshi.

Kazi ya Uhabeshi haikudumu. Mwaka 1838 wamisionari walifukuzwa Tigre. Krapf akaenda Shoa, akakaa huko tangu 1839 hadi 1842. Huko ndiko alikoanza kujishughulisha kwa dhati na lugha ya Waoromo, ambao watu wa pwani waliwaita Wagala. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich katika mji wa Alexandria, Misri. Walipojaribu kurejea Uhabeshi, mkewe alijifungua mtoto wa kike njiani, nyikani. Mtoto huyo hakuishi. Walimpa jina la Eneba, ambalo maana yake katika lugha ya Kihabeshi ni chozi. Au tozi, kama wasemavyo wazee wa Mvita. Njia za Uhabeshi zilipofungwa kabisa, Krapf aliazimia kuwafikia Waoromo kwa kupitia upande wa kusini, yaani kwa pwani ya Waswahili. Ndivyo alivyofika kwetu. Mombasa haikuwa shabaha yake ya kwanza, ilikuwa mlango wa kupitia.

Kuja Mombasa na kaburi la Kisauni

Mnamo Januari 1844 Krapf na Rosine walifika Unguja. Sultani Seyyid Said bin Sultan, ambaye tangu 1837 alikuwa ameitia Mombasa mikononi mwake baada ya kuuangusha utawala wa Mazrui, alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi Mei mwaka huo huo mume na mke wakaweka makazi katika mji wa Mombasa.

Krapf hakupoteza wakati. Tarehe 8 Juni 1844, akiwa hata mwezi mmoja na ziada haujatimia mjini, alianza kuitafsiri Mwanzo, kitabu cha kwanza cha Biblia, kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, msomi wa Kiislamu. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Tafsiri ya mwanzo ya maandiko ya Kikristo katika lugha yetu ilifanyika kwa msaada wa mwanachuoni wa Kiislamu, ambaye aliijua lugha vilivyo na hakuona ubaya kumfunza mgeni. Sura tatu za mwanzo za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wanazuoni wa lugha za Mashariki.

Lakini kabla furaha ya kazi haijakomaa, msiba ulibisha hodi. Mwezi Julai homa iliwashika wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike akiwa mgonjwa, na tarehe 13 Julai 1844 akafariki dunia. Siku chache baadaye mtoto naye alimfuata mamake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kiasi cha kushindwa kusimama vyema. Maiti hazikuzikwa kisiwani. Zilivushwa maji hadi ng'ambo ya kaskazini, upande wa Kisauni, mahali panapojulikana leo kuwa Nyali, kwa kuwa Rosine alitaka kaburi lake liwe bara, wapitapo watu waendao na warudio. Kaburi hilo lingalipo, na karibu nalo pamejengwa mnara wa kumbukumbu.

Tangu hapo Krapf alikuwa na kaburi katika ardhi ya Kisauni, na kwa mujibu wa mila zetu, penye kaburi lako ndipo kwenu. Angeweza kurudi kwao, hakurudi. Alibaki akiwa peke yake kwa takriban miaka miwili, na miaka hiyo aliitumia kwa kusikiliza. Alikwenda visiwani na bara, akazungumza na mabaharia, wachuuzi, wazee, watumwa na waungwana, na kila neno geni aliliandika.

Rabai na lugha za jirani

Tarehe 10 Juni 1846 aliwasili mwenzake, Johannes Rebmann, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Württemberg. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wawili hao, wote wakiwa wagonjwa wa homa, waliufungua rasmi mji wao wa misheni huko Rabai, baada ya wazee wa Rabai kuwapa ruhusa. Ukitoka kisiwani kwenda Rabai kwa njia ya maji wauacha upande wa Changamwe na Jomvu kando yako, kisha wapanda vilima. Ndiyo kusema kwamba njia aliyoipita Krapf mara kwa mara ilikuwa katikati ya watu wa bara ya Mombasa hasa.

Yafaa tukumbuke mpangilio wa watu hao. Waswahili wa Mombasa hujihesabu kwa miji kumi na miwili, iliyogawika mafungu mawili. Fungu la Thelatha Taifa lina Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Fungu la Tisa Taifa lina Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi na wengineo waliotoka pande za kaskazini. Kwa hiyo jina la Changamwe ni jina la taifa kabla ya kuwa jina la mtaa wa viwanda na reli. Jomvu nako wana msemo wao, Kijomvu, uliokaribiana na Kimvita lakini si Kimvita. Na pembeni mwa Waswahili hao wanakaa Warabai, Waduruma, Wadigo na ndugu zao, ambao nyakati hizo waliitwa Wanyika, jina lililokuwa na harufu ya dharau, na ambao tangu karne ya 20 wanajulikana kwa jina la Wamijikenda. Huko Likoni Kidigo na Kimvita vimepakana kiasi kwamba mtoto huweza kuanza sentensi kwa hiki akaimaliza kwa kile.

Krapf aliielewa hali hiyo. Hakukitazama Kiswahili kama lugha iliyosimama pweke. Aliandika pia Kirabai, akatafsiri Injili ya Luka katika lugha hiyo, nayo ikachapishwa Bombay mwaka 1848. Mwaka 1850 vilichapishwa Tübingen vitabu vyake viwili: kimoja cha sarufi ya Kiswahili, kilichokilinganisha na Kirabai, na kingine cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, zikiwemo Kiswahili, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Tukiangalia kwa jicho la isimu ya leo, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuonyesha kwa mifano kwamba Kiswahili ni ndugu wa lugha za Kibantu zinazokizunguka, si mchanganyiko wa Kiarabu na lugha nyinginezo, kama baadhi ya watu walivyodai hata baada yake.

Safari za bara

Umashuhuri wa Krapf kwa walimwengu ulitokana zaidi na safari. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf alikwenda Usambara mwaka huo huo, akapokewa na mfalme Kimweri. Mwaka uliofuata alifika Ukambani, kwa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona Mlima Kenya kutoka Kitui. Habari za theluji karibu na ikweta zilipofika Ulaya, wataalamu waliokaa vitini mwao walizikejeli. Miaka mingi ilipita kabla ya ukweli kukubaliwa. Jina la mlima huo alilipokea kwa Wakamba, na baadaye ndilo lililokuwa jina la nchi nzima.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani. Safari hiyo nusura imtoe roho. Msafara ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini bila chakula. Alipoupata mto, hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akayatia katika mtutu wa bunduki yake. Baada ya siku nyingi za njaa na kiu alifika Rabai akiwa hai.

Msomaji aweza kuuliza safari hizi zinahusu nini na maneno ya Kimvita. Jibu ni kwamba Krapf hakusafiri na Kiswahili cha vitabu, maana vitabu vya namna hiyo havikuwapo. Alisafiri na Kiswahili alichokisikia Mombasa, na kila alipofika alikuta watu waliokuwa wamekwisha kukipokea kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Aliona kwa macho yake kwamba lugha ya watu wa pwani ilikuwa tayari inafungua milango bara, miongo kadhaa kabla ya serikali za kikoloni kuitumia.

Kuondoka, na kurejea

Afya ilipomzidi, Krapf aliondoka pwani mwaka 1853. Alichukua miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, akaipeleka kwa jumuiya ya wanazuoni wa Mashariki huko Halle, Ujerumani. Miongoni mwayo ulikuwamo Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, mmoja wa tenzi kongwe tulizo nazo. Tendo hili lina sura mbili. Kwa upande mmoja miswada ilihifadhika. Kwa upande mwingine ilikwenda mbali na watu walioitunga, na hadi leo mtafiti wa Mombasa atakaye kuiona ile ya asili hana budi kufunga safari ya Ulaya.

Alikaa Korntal, mji mdogo karibu na Stuttgart, akaandika habari za safari zake. Toleo la Kijerumani lilitoka 1858 na la Kiingereza 1860. Mwaka 1862 alikuwa tena pwani, akiwasaidia Wamethodisti kuanzisha misheni yao ya Ribe. Miaka ya 1867 na 1868 alikwenda na jeshi la Waingereza Uhabeshi akiwa mkalimani, lakini ugonjwa ukamrudisha. Baada ya hapo hakuiona Afrika tena.

Rebmann alibaki Rabai hadi 1875, karibu miaka 29 bila kwenda kwao, akaondoka akiwa kipofu. Alifariki Korntal mwaka 1876. Kazi yake ya lugha nayo ilikuwa kubwa. Kamusi yake ya Kinyasa, ambayo Krapf aliisimamia ikachapishwa 1877, ilitokana na maneno aliyoambiwa na Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka pande za Ziwa Nyasa. Huyu Salimini ni mmoja kati ya wachache katika kundi la wasimulizi ambao jina lao tunalijua. Wengi wa waliowaambia wamisionari maana za maneno hawakutajwa popote.

Kamusi

Kazi ya kamusi Krapf aliianza tangu siku zake za mwanzo Mombasa, na hakuiacha mpaka alipokufa. Aliongeza yale aliyoyakusanya Rebmann, akalinganisha na maandishi ya Edward Steere wa Unguja, akasahihisha, akaongeza tena. Alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake katika hali ya kusali. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata, 1882. Mwenyewe hakuishika mkononi.

Kamusi hiyo ni ya Kimvita. Ndani yake, neno la Mombasa ndilo lililowekwa mbele, na neno la Unguja likaja kwa kulinganishwa. Isitoshe, Krapf hakuridhika na kutoa maana tupu. Mara nyingi alieleza kitu kinavyotengenezwa, kinavyotumiwa, mahali kinapopatikana na watu wanavyosema juu yake. Vyombo vya baharini na sehemu zake, mitego ya samaki, aina za mitende na minazi, nguo, ngoma, magonjwa na dawa, yote yamo. Anayetaka kujua maisha ya Mombasa ya zama za Seyyid Said yalikuwaje, hatapata kitabu kingine cha wakati ule chenye utajiri kama huo.

Hata hivyo haifai kumsifu bila kumpima. Kwanza, alisikia kwa sikio la Kijerumani. Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, na hutofautisha pia sauti zenye mpumuo na zisizo na mpumuo. Paa la nyumba silo paa wa porini. Tembo la mgema silo tembo mwenye mkonga. Kaa la moto silo kaa wa baharini. Mzee wa Mtongwe huzitenga sauti hizi bila kufikiri. Aliyekuja kuzionyesha kwa uangalifu zaidi katika maandishi ni William Ernest Taylor, mmisionari wa CMS aliyefika Mombasa 1880 na ambaye mwaka 1891 alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali na misemo ya Waswahili katika Kimvita. Pili, tahajia ya Krapf ni ngumu na haikushika utaratibu mmoja. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, alipendekeza Kiswahili kiandikwe kwa hati za Kirumi kwa sababu alihofia kwamba hati za Kiarabu zingeupa nguvu Uislamu. Waswahili walikuwa wameandika lugha yao kwa hati hizo kwa karne nyingi, na yeye mwenyewe alijifunza kwa wasomi waliozitumia. Alitaka lugha yao. Hakuitaka dini yao, na baadhi ya maelezo yake kuhusu watu wa pwani yamejaa hukumu za mtu aliyekwisha kuamua kabla hajauliza.

Lakini pamoja na hayo yote, maneno yalibaki. Kusudio lake lilikuwa kuwabatiza watu, na waliobatizwa siku zake walihesabika kwa vidole. Kilichodumu ni kile alichokifanya ili apate kufikia kusudio hilo, yaani kusikiliza na kuandika.

Kurejea kwa kamusi na kushindwa kwa Kimvita

Mnamo 1875 CMS ilianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru katika ardhi ya Kisauni, mkabala na kisiwa, yakaitwa Frere Town kwa jina la Bartle Frere. Kengele yake ndiyo iliyopatia mahali hapo jina la Kengeleni. Waliokaa hapo walitoka kila pande: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili cha Mombasa. Harry Kerr Binns, mmisionari aliyetumika miaka mingi Rabai na Frere Town, ndiye aliyeichukua kamusi ya Krapf akaipanga upya na kuisahihisha, na toleo hilo likachapishwa 1925. Hivyo kamusi ilirudi, kwa namna ya kusema, ng'ambo ile ile aliyozikwa Rosine.

Toleo hilo lilitoka wakati upepo umekwisha kugeuka. Kwa muda mrefu wamisionari wa Unguja walichapisha vitabu vyao kwa Kiunguja na wale wa Mombasa kwa Kimvita. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka 1891 na ya Kimvita 1914. Serikali za kikoloni zilitaka lugha moja ya shule. Mkutano wa kuamua ulifanyika mwezi Juni 1928, nao, kwa kinaya cha historia, ulifanyika Mombasa. Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, na mwaka 1939 ikatoa kamusi zake zilizosimamiwa na Frederick Johnson. Kuanzia hapo ndia ikawa lahaja na njia ikawa lugha.

Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake. Kiunguja kilikuwa kimeenea zaidi bara kwa njia za misafara, na nchi nne zilihitaji vitabu vya aina moja. Hatuna haja ya kuufufua ugomvi huo. Lililo la kusikitisha ni kwamba usanifishaji ulieleweka na walimu wengi kuwa ni hukumu ya ubora. Neno ambalo halikuchaguliwa likahesabiwa kuwa neno lililokosewa. Kumbe mato na matozi si macho na machozi yaliyoharibika, bali ni ndugu zao wenye umri sawa. Tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki takriban miaka minne kabla ya Krapf kufika, zimejaa maneno haya. Katika karne ya 20 Ahmad Nassir aliyatumia katika Malenga wa Mvita, na Abdilatif Abdalla aliyatumia katika Sauti ya Dhiki, iliyotoka 1973. Tunayasoma madarasani, tunayaundia maswali ya mtihani, kisha tunamsahihisha mtoto wa Likoni anapoyatamka.

Hitimisho

Wahenga wa pwani wanatuambia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii mara nyingi hutumiwa kuwakemea vijana kwa mavazi na mienendo. Kwa mwanafunzi wa lugha ina maana nyingine iliyo karibu zaidi naye. Anayeyaacha maneno ya nyumbani bila kuyaandika hana budi kuyatafuta baadaye katika kitabu cha mgeni, na ayapokee pamoja na makosa na hukumu za mgeni huyo.

Krapf aliishi pwani yetu, kwa kujumlisha, takriban miaka kumi. Hakuwa na chombo cha kurekodi sauti, hakuwa na kamusi ya kutangulia, alikuwa mgonjwa nusu ya wakati, na alikuwa ameizika familia yake. Aliandika maelfu ya maneno. Sisi tuna simu za kurekodi, idara za isimu, na juu ya yote tuna wazee ambao hawatuhitaji kuwatafutia mkalimani. Wapo Mtongwe wanaojua majina ya pepo za bahari, wapo Jomvu Kuu wanaosema Kijomvu hasa, wapo Kisauni na Kongowea wanaojua semi ambazo Taylor hakuzipata. Kila mwaka wengine wao hutangulia mbele ya haki na maneno yao.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila mwanachama wa chama chetu aliyetoka pande hizo, anaporudi kwao likizoni, akae na mzee mmoja na daftari moja. Asimsahihishe. Aandike neno, maana yake, mfano wa matumizi yake, na mahali lilipotamkwa. Na tofauti na ilivyokuwa zama za Krapf, kwa idhini ya mzee, aandike pia jina la aliyemwambia. Tukifanya hivyo, atakayeiandika kamusi ijayo ya Kimvita hatalazimika kuanzia London wala Halle. Ataanzia barazani Likoni, kwa wenyewe.